Vijana wa Kujitolea na Elimu ya Tabianchi: Kazi Nne za Kulinda Mifugo Yetu



Somo hili ni lako, ni la mama wa kaya, na ni la vijana wenu mnaochunga nao. Limeandikwa kwa ajili ya kaya za wafugaji wa mkoa wa Kigoma: bonde la Malagarasi, vilima vya Uvinza na Kasulu, na mwambao wa Ziwa Tanganyika kuanzia Ujiji kwenda kusini. Nyumbani asiyejua kusoma asomewe. Lisomwe kwa sauti jioni ng'ombe wakishaingia zizini, kisha lijadiliwe.

Baada ya somo hili, familia yako iweze:
- Kueleza tofauti ya hali ya hewa na tabianchi.
- Kutaja kazi nne ambazo vijana wanaweza kujitolea kuzifanya ili kulinda mifugo.
- Kuweka masharti ya kujitolea ili kijana asiumizwe na kaya isipoteze.
- Kutumia daftari la vijana kwenye mkutano wa kijiji.

1. Hali ya hewa na tabianchi

Hali ya hewa ni mvua, jua au upepo wa leo na kesho. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo kwa miaka mingi; wataalamu hutumia miaka 30 kupata wastani. Mfugaji ataelewa haraka kwa mfano huu: hali ya hewa ni kama maziwa uliyokamua leo asubuhi, tabianchi ni kama maziwa ya ng'ombe huyo kwa mizao yake yote. Huwezi kumhukumu ng'ombe kwa ukamuaji wa siku moja.

Ziwa letu linatufundisha jambo hilo. Mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji, maji yalikuwa juu na ufuko ulikuwa karibu na ule mwembe maarufu. Miaka michache baadaye ziwa lilifurika, likafungua njia kwenye mto Lukuga upande wa Kongo, kisha kina kikashuka. Leo mnara wa kumbukumbu pale Ujiji uko mbali na maji. Tena katika miaka ya karibuni maji yamepanda na kuingia kwenye makazi ya watu mwambaoni Kigoma, Uvira na Bujumbura. Kwa hiyo ziwa hupanda na kushuka, na kupanda mara moja peke yake hakutoshi kusema tabianchi imebadilika. Anayetaka kujua lazima awe na kumbukumbu za miaka mingi.

Kumbukumbu hizo zipo, na zinaonyesha kwamba dunia imepata joto zaidi ya nyuzi 1 tangu enzi za kabla ya viwanda. Ziwa Tanganyika nalo limepata joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba. Rutuba isipopanda juu, chakula cha samaki hupungua. Ndiyo maana mabadiliko haya yanamhusu mvuvi wa dagaa na migebuka kama yanavyomhusu mfugaji.

Chanzo kikubwa ni gesi zinazotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu. Gesi hizo hufunika dunia kama blanketi, joto likashindwa kutoka. Ng'ombe naye huchangia, kwa sababu akicheua hutoa gesi ya metheni. Tusilifiche hilo, ila tulielewe vizuri. Ng'ombe mwenye afya anayezaa kila mwaka hutoa gesi kidogo kwa kila lita ya maziwa, kuliko ng'ombe dhaifu anayekaa miaka mitatu bila ndama. Kumtunza vizuri ng'ombe uliye naye kunakufaa wewe, na kunaifaa dunia pia.

2. Tunajifunza nini kutoka Gombe?

Mkoa wetu una mfano wake wa elimu ya mazingira inayofanywa na vijana. Dkt. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Mwaka 1991 alianzisha na wanafunzi 12 jijini Dar es Salaam mpango wa vijana unaoitwa Roots & Shoots, maana yake mizizi na machipukizi. Vijana hukutana, huangalia tatizo la mahali pao, kisha wao wenyewe huchagua kazi moja ya kusaidia watu, moja ya kusaidia wanyama na moja ya kusaidia mazingira. Mpango huo umeenea nchi nyingi duniani.

Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vya Kigoma vinavyoizunguka Gombe. Milima iliyo nje ya hifadhi ilikuwa imebaki uchi na mvua ilikuwa ikisomba udongo. Mradi ulikuja na wazo la kupanda miti, lakini wanavijiji walipoulizwa wanahitaji nini walitaja kwanza maji, afya, shule na chakula. Mradi ulibidi usikilize. Hatimaye vijiji vilitenga misitu yao kwenye mipango ya matumizi ya ardhi, na wanavijiji wenyewe walichaguliwa kuifuatilia, wakiandika kwa simu wanachokiona msituni: miti iliyokatwa, mitego, wanyama.

Mfugaji anapata mambo matatu hapo:
- Elimu ya mazingira huanzia kwenye shida ambayo watu tayari wanayo. Kwetu sisi shida hiyo ni malisho, maji na magonjwa ya mifugo.
- Kijana hukumbuka anachokifanya kwa mikono yake kuliko anachoambiwa darasani.
- Kinachoandikwa hubaki na huheshimiwa.

Vijana wengi wa wafugaji hawafikiwi na elimu hii. Kambi iko mbali na shule, simu haina mtandao, na anayechunga hawezi kuhudhuria semina ya mjini. Tusingoje semina ije. Kazi nne zifuatazo zinaweza kuanzishwa na vijana sita au wanane wa kitongoji kimoja, kwa vifaa ambavyo tayari mnavyo.

3. Kazi ya kwanza: kupima mvua na kuandika

Vifaa: kopo lenye mdomo na kitako vya upana sawa, rula yenye milimita, nguzo, daftari na kalamu.

Namna ya kufanya:
- Simika nguzo mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Funga kopo juu yake, mdomo ukiwa sawasawa, usielekee upande.
- Kila siku saa 3 asubuhi ingiza rula wima, soma milimita ngapi za maji zimo, andika, kisha mwaga maji.
- Isiponyesha, andika sifuri. Usiache nafasi wazi, kwa sababu atakayesoma hatajua kama mvua haikunyesha au mpimaji hakupima.
- Pembeni andika mambo matatu: hali ya malisho, hali ya maji ya lambo au kisima, na ugonjwa wowote ulioonekana.

Kipimo hiki kina faida ya papo hapo. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita 1 ya mraba. Tuseme paa lako la bati lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 5, yaani mita za mraba 30. Ikinyesha milimita 20, zimeanguka lita 600 juu ya paa lako. Toa sehemu moja ya tano inayomwagika, unabaki na lita 480, sawa na madumu 24 ya lita 20. Mwachie binti yako apige hesabu hiyo mbele ya baba yake, na mfereji wa kukinga maji ya paa utajengwa bila semina.

Daftari la msimu mmoja litakuonyesha mvua ilianza lini, ilikatika kwa siku ngapi katikati, na iliisha lini. Likifika miaka mitano, kijiji kitakuwa na kumbukumbu ya kwake. Wazee wanakumbuka mengi ya thamani. Vijana wawaulize miaka ya ukame na ya mafuriko, na majibu yao yaandikwe ukurasa wa mwisho.

4. Kazi ya pili: kupeleka utabiri kaya kwa kaya

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa msimu kabla mvua hazijaanza. Kigoma tuwe makini hapa. Kaskazini mwa mkoa, yaani Kakonko na Kibondo, huwekwa kwenye utabiri wa mvua za vuli. Sehemu nyingine ya mkoa huwekwa kwenye utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili. Kijana anayesikiliza redio ajue eneo lake liko kundi gani.

Utabiri hutumia maneno matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Haya ni maelezo ya uwezekano. Si ahadi. Mvua "chini ya wastani" haimaanishi haitanyesha kabisa. Maana yake ni kwamba huenda ikawa pungufu ya ile iliyozoeleka, kwa hiyo mwenye busara hujiandaa.

Utabiri usiogeuzwa kuwa uamuzi hauna faida. Kijana asiishie kusema "wamesema mvua ni chache." Aseme na cha kufanya:

Utabiri ukiwa chini ya wastani:
- Uza mapema ng'ombe wazee, majike yasiyozaa na madume ya ziada, wakiwa bado na mwili. Ng'ombe aliyekonda huuzwa kwa bei ya kutupwa.
- Tenga malisho ya ndama, wagonjwa na majike yenye mimba.
- Safisha lambo kabla halijakauka.

Utabiri ukiwa juu ya wastani:
- Hamishia zizi sehemu iliyoinuka, isiyotuamisha maji, ili kupunguza ugonjwa wa kuoza kwato.
- Kamilisha chanjo na dawa za minyoo kabla njia hazijafungwa na maji. Minyoo ya ini hupatikana kwenye majani ya sehemu zenye maji na konokono.
- Ongeza uangalifu wa kuogesha. Kupe huongezeka wakati wa unyevu, na ndigana kali huua ndama haraka.

Namna ya kusema nayo ina uzito. Mzee hapokei maagizo ya mtoto, lakini hupokea habari yenye adabu. Mfano:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Habari za mifugo?"
"Wazima, mzee. Nimetumwa na kikundi. Redio imetangaza kwamba msimu huu upande wetu mvua huenda zikapungua. Daftari letu linaonyesha mwaka jana zilikatika siku kumi na nne mwezi wa pili. Tumeona tuje tukuulize, miaka kama hiyo ninyi mlikuwa mnafanyaje?"
"Tulikuwa tunapunguza kundi mapema, na bonde lile hatuligusi mpaka mwezi wa nane."
"Asante mzee. Tuliandike, na tuwaambie wengine?"
"Andikeni."

Kijana hapo amepeleka habari, amechota ujuzi wa mzee, na mzee mwenyewe ndiye aliyetoa uamuzi.

5. Kazi ya tatu: kulinda na kuhifadhi malisho

Wafugaji Wasukuma mnaijua ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mkoani Shinyanga ardhi ilikuwa imechakaa sana, na mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mpango huo uliinua utaratibu huu wa wazee, na maeneo mengi yaliyokuwa uchi yalirudisha nyasi na miti. Dawa ilikuwa tayari mikononi mwa wafugaji wenyewe, ikahitaji kukubaliwa, kuwekewa mipaka na kulindwa.

Vijana wanaweza kujitolea hivi:

*Kuweka alama na kinga moto.* Mwezi Mei na Juni, kabla nyasi hazijakauka kabisa, lima ukanda wa mita 5 au zaidi kuzunguka ngitili, usibaki na majani. Moto mmoja wa mwezi Agosti hula chakula cha ng'ombe wenu wote cha miezi mitatu. Kuchoma nyasi ili zichipue huonekana faida kwa wiki mbili, lakini kila mwaka ukichoma, nyasi nzuri hufa na udongo hubaki wazi kwa mvua.

*Kutengeneza hei.* Kata nyasi zinapoanza kutoa maua, mvua zikiwa zinaisha. Anika siku mbili au tatu huku ukigeuza, mpaka zikauke zikiwa bado na rangi ya kijani. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sentimita 75, upana wa 50 na kina cha 40. Tandika kamba mbili, shindilia nyasi kwa miguu, funga, inua sanduku. Weka marobota juu ya magogo, chini ya paa, mvua na mchwa wasiyafikie.

Piga hesabu kabla hujakata. Ng'ombe wa kilo 200 huhitaji takribani kilo 5 za malisho makavu kwa siku. Huwezi kulisha kundi zima kwa hei, lakini unaweza kuokoa walio hatarini. Chukua majike 5 yanayonyonyesha, kila moja likiongezewa kilo 3 kwa siku kwa siku 60: ni kilo 900. Robota likiwa na kilo 15, unahitaji marobota 60. Vijana sita wakitengeneza marobota mawili kila mmoja kwa siku, ni kazi ya siku tano.

*Kupanda miti ya malisho.* Lusina hukua haraka na majani yake yana protini nyingi. Yasizidi theluthi moja ya chakula cha mnyama kwa siku, kwa sababu yakizidi humdhuru. Anza na miche michache karibu na nyumba, yenye uzio wa miiba. Mche usiolindwa na mbuzi ni kazi bure. Msihesabu miti iliyopandwa. Hesabuni iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza.

*Kulinda kingo za maji.* Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa, mto au lambo. Zizi na kambi zikae nje ya mita hizo. Chagueni njia moja ya kunyweshea, yenye changarawe, badala ya kundi kuvunja kingo kila mahali. Panapowezekana chotea maji horini. Maji yakivurugwa na kinyesi, wa kwanza kuugua ni mtoto wako anayeyanywa.

6. Kazi ya nne: kuona ugonjwa mapema na kuripoti

Mvua zisizo za kawaida huja na magonjwa. Homa ya Bonde la Ufa ni mfano mkubwa. Mbu wengi huzaliwa baada ya mafuriko na kuambukiza mifugo. Tanzania ilipata milipuko baada ya mvua kubwa za 1997/98, na tena 2006/07. Mlipuko huo wa pili uliua zaidi ya watu 100 nchini, mbali na mifugo.

Kijana wa kujitolea ajue dalili hizi:
- Majike mengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, na ndama, wanambuzi na wanakondoo kufa ghafla: shuku Homa ya Bonde la Ufa.
- Mnyama kufa ghafla, kuvimba haraka, na damu isiyoganda kutoka puani, mdomoni au njia ya haja: shuku kimeta.
- Mbuzi wengi kutoka makamasi, vidonda mdomoni na kuharisha: shuku sotoka ya mbuzi na kondoo.
- Ndama mwenye homa, tezi zilizovimba chini ya masikio na kupumua kwa shida: shuku ndigana kali.

Kazi ya kijana ni kuona, kuandika na kutoa taarifa. Kutibu au kuchinja si kazi yake. Asiguse mimba iliyotupwa wala damu kwa mikono mitupu. Mzoga unaoshukiwa kimeta usipasuliwe, usichunwe, usiliwe, na mbwa wazuiwe. Maziwa yachemshwe, nyama ipikwe mpaka iive. Wajawazito na watoto wakae mbali na mnyama anayetupa mimba.

Taarifa iwe na mambo matano: aina ya mnyama, wangapi wanaumwa, wangapi wamekufa, dalili, na ilianza lini. Ipelekwe kwa afisa mifugo wa kata au kwa afisa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo. Naomba mnielewe hapa: sisi maafisa mifugo tuko wachache na kata ni pana. Taarifa ya siku ya kwanza huniwezesha kuja na dawa au chanjo inayofaa. Ikinifikia baada ya wiki mbili, nitakachokuta ni mizoga. Wengine huficha ugonjwa wakiogopa mnada kufungwa. Anayeficha huuza ugonjwa kwa jirani, na mnada hufungwa kwa muda mrefu zaidi.

7. Masharti ya kujitolea

Kujitolea ni jambo jema, lakini kukigeuka utumishi wa bure wa mtoto wa maskini, hakuna tena elimu hapo. Kaya nyingi za wafugaji zinategemea mikono ya vijana kila siku. Kwa hiyo kikundi kikubaliane na wazazi kabla ya kuanza:

- *Shule kwanza.* Anayesoma afanye kazi ya kikundi Jumamosi au baada ya masomo. Asitolewe darasani ili apime mvua.
- *Saa zijulikane.* Saa tatu au nne kwa wiki zinatosha. Kupima mvua ni dakika tano; wapeane zamu.
- *Wachungaji wasiachwe nje.* Kijana asiyesoma shule ndiye anayeona malisho na magonjwa kila siku. Aunganishwe na mwenzake anayejua kuandika: mmoja anaona, mwingine anaandika, na polepole wote wawili wataandika.
- *Wasichana wapewe kazi ya kweli.* Mara nyingi wasichana na mama zao ndio wanaokamua na kutunza ndama, kwa hiyo wao huona ugonjwa kwanza. Msiwape kufagia na kupika tu. Watembee wawili wawili, wasirudi usiku.
- *Asiombwe mchango asiyenacho.* Kopo, daftari na jembe vitoke kwa kitongoji. Siku ya kazi nzito, kama kulima kinga moto, kaya zenye mifugo zitoe chakula.
- *Kazi za hatari ziachwe kwa watu wazima:* kuzima moto mkubwa, kuogesha kwa dawa ya kupe, kushika mizoga.

Kijana naye apate kitu. Apate ujuzi: kusoma vipimo, kuweka kumbukumbu, kuzungumza mbele za watu. Barua ya mwenyekiti wa kijiji inayoeleza kazi aliyofanya kwa mwaka mzima itamsaidia akiomba mafunzo ya mifugo au kazi.

8. Daftari likafike mkutano wa kijiji

Sasa tufike kwenye jambo linalowauma wengi wenu. Mfugaji wa Kigoma mara nyingi huitwa mvamizi na mharibifu wa mazingira. Kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi, mkulima huonyesha shamba lake, mhifadhi huonyesha msitu wake, na mfugaji huwa porini na ng'ombe. Mpango ukipitishwa, njia ya mifugo haimo. Mwaka unaofuata njia hiyo ni shamba la mihogo, na ugomvi unaanza.

Sheria inakupa nafasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinaruhusu kijiji kutenga maeneo kwa mipango inayopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya 2010 inatambua maeneo ya malisho. Lakini sheria haimsaidii asiyekuwepo mkutanoni, na neno tupu halishindi ramani.

Hapo ndipo daftari la vijana linapopata nguvu. Kila baada ya miezi mitatu, mkutano mkuu wa kijiji unapokaa, vijana wawili, wa kiume na wa kike, wasome taarifa fupi: mvua iliyonyesha, hali ya malisho na maji, kinga moto iliyolimwa, miti iliyo hai, magonjwa yaliyoripotiwa. Waonyeshe mchoro wa ngitili, njia za mifugo na sehemu za kunyweshea. Wayataje na makosa ya upande wetu, kama kundi lililoingia shambani na fidia iliyolipwa. Jamii inayojihesabu yenyewe huaminiwa.

Wakulima nao wapewe takwimu hizo bure. Mvua ikikatika siku kumi na nne, mahindi huumia kama nyasi. Kijana wa mfugaji akimpelekea jirani mkulima habari ya mvua, ataanza kusikilizwa hata siku ya kuzungumzia mipaka.

9. Anzeni mwezi huu

- *Wiki ya kwanza:* Wazazi na vijana wa kitongoji wakutane. Wachague vijana sita hadi wanane na mlezi mmoja mtu mzima. Wakubaliane masharti.
- *Wiki ya pili:* Simikeni kopo la mvua. Fungueni daftari. Gaweni zamu.
- *Wiki ya tatu:* Vijana watembelee wazee watatu na kuandika historia ya mvua, malisho na magonjwa.
- *Wiki ya nne:* Chagueni kazi moja tu ya malisho kulingana na msimu. Mpelekeeni afisa mifugo wa kata majina ya kikundi.

Msianze na kazi zote nne kwa pamoja. Kikundi kinachopima mvua mwaka mzima bila kuruka siku ni bora kuliko kilichopanda miche mia tano na kuiacha ikauke.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Mwaka jana tulipoteza wanyama wangapi, na kwa sababu gani? Ni vifo vingapi tungeweza kuvizuia kama tungejua mapema?
2. Nani nyumbani kwetu huona ugonjwa kwanza? Akisema, anasikilizwa?
3. Paa letu lingetupa madumu mangapi ya maji kwa mvua ya milimita 20?
4. Njia yetu ya mifugo imo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji? Nani ataenda kuuliza?

Kumbuka

Mtaji wa mfugaji si ng'ombe peke yake. Ni malisho, maji, na kijana anayejua kuvitunza. Kijana akijifunza tabianchi kwa kopo la mvua, jembe la kinga moto na daftari, elimu hiyo inalipa nyumbani msimu huo huo. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa maswali au taarifa ya ugonjwa, mwone afisa mifugo wa kata yako.